Robo ya Damu

Darubini hakuwa mtu wa kutembelea watu. Ukimtaka ulimfuata maabara, ukasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, naye akakujibu bila kuinua macho kwenye mashine zake. Kwa hiyo Jumatatu ile alipojitokeza mwenyewe katika chumba namba kumi na nne, karatasi mkononi na miwani imepandishwa kwenye paji la uso, Mpekuzi alisukuma pembeni kikombe chake cha chai.

"Funga mlango," alisema Darubini.

"Haufungi. Nimeshaandika barua mbili."

"Basi sogea, maana hili si la kusemwa koridoni."

Mpekuzi alikuwa daktari wa magonjwa ya ukoo. Jina hilo alipewa na wauguzi, kwa sababu mgonjwa akija na mkono uliovunjika yeye humuuliza bibi yake alikufa na nini. Alikuwa amelizoea, na siku nyingine alilipenda. Asichokipenda ni kubahatisha.

"Ni yule mtoto wa kitanda cha dirishani," alisema Darubini. "Nimelinganisha vinasaba vyake na vya wazazi wake, kama ulivyotaka. Dada, robo ya mtoto yule haina ilikotoka."

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, miaka saba, na wodi nzima ilimwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake usiojua kupumzika. Aliletwa wiki tatu nyuma na uvimbe chini ya bega la kushoto, mkubwa kama yai na mgumu kama ubao. Shingo yake ilikuwa imekwisha kukataa kugeuka. Daktari mkuu wa upasuaji, ambaye wauguzi walimwita Kisu naye akalijua hilo na asione ubaya, aliuona uvimbe akaandika: kukatwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Mpekuzi alipoitwa kutoa maoni hakuanzia mgongoni. Alifunua shuka upande wa miguuni. Madole gumba yote mawili ya mtoto yalikuwa mafupi, yamepinda kuelekea wenzao, na mama yake alisema kazaliwa nayo hivyo.

Kuna ugonjwa, alimwambia Kisu siku ile, ambao mwili ukigongwa hujisahau. Badala ya kurekebisha nyama kwa nyama, unarekebisha kwa mfupa. Kidogo kidogo mtu anajengewa kiunzi cha pili juu ya kile cha kwanza, mpaka anafungwa ndani yake. Alama yake ya kuzaliwa nayo ni hayo madole. Ukimkata, mwili utalijibu jeraha kwa kujenga mfupa, na safari hii utajenga mkubwa.

"Mimi mwenyewe nina kidole kifupi," alijibu Kisu, "na asubuhi hii nimepanda ngazi vizuri tu. Kama ni ugonjwa wa ukoo, nionyeshe mtu mmoja wa damu yake aliyegeuka mfupa, pamoja na kosa lenyewe kwenye jeni. Usiponionyesha kabla ya Ijumaa, mimi nakata. Nikiuacha na ukawa saratani, utamzika wewe?"

Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililomkasirisha zaidi.

Sasa Darubini alikuwa anaitandaza karatasi mezani. "Mtoto huchukua nusu kwa mama, nusu kwa baba. Upande wa mama, nusu kamili, hakuna ubishi. Upande wa baba natafuta nusu, napata robo. Wewe ulitegemea nikupe herufi moja au mbili ambazo mtoto anazo na wazazi wake hawana. Nina mia moja na kumi na mbili. Katika zote hizo, pale baba alipopaswa kuitika, haitiki mtu."

"Umechanganya chupa."

Darubini alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Nilijua utasema hivyo. Kachukue upya."

Mpekuzi alikwenda mwenyewe. Alichukua mate badala ya damu, kwa kuwa hakutaka sindano imguse mtoto, akaandika majina kwa mkono wake na kuzibeba chupa mpaka maabara zikiwa mfukoni. Chiriku alimuuliza kama mate yake yatarudishwa. Jumanne mchana Darubini alimtumia ujumbe wa neno moja: Robo.

*

Baba wa mtoto alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama, na hospitalini hawakumwita kwa jina jingine zaidi ya Mwalimu. Alikaa mbele ya Mpekuzi akiwa ameweka mikono juu ya magoti. Mkewe alikuwa wodini.

"Kwenye fomu umeandika huna ndugu," alisema Mpekuzi.

"Sina."

"Wa kike wala wa kiume?"

"Niko peke yangu."

"Hata aliyefariki? Ukoo tunauandika pamoja na marehemu wake."

Mwalimu alitazama kalenda ukutani. "Daktari, ugonjwa huu unatokea kwa mama yake. Hujamwona bibi yake mzaa mama alivyopinda? Anatembea anaangalia vidole vyake."

Mpekuzi alivuta bahasha kutoka kwenye droo, akainua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Bibi alikuwa ameletwa wiki iliyopita. Pingili tatu za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea kwa uzee, kama kwa bibi yeyote aliyebeba mizigo maisha yake yote. Hapakuwa na hata punje ya mfupa mahali pasipotakiwa.

"Huu ni uzee, Mwalimu. Haurithiwi, unafikiwa tu. Baba yako mzazi yupo?"

"Yupo. Anashona viatu."

"Ningependa kumsalimia."

Alisimama haraka mno. "Hana la kukuambia," alisema, na akaondoka bila kukirudisha kiti mezani, mtu ambaye mashati yake yalikuwa yamenyooka vile.

Darubini alikuwa akisubiri nje. Alisubiri hatua zipotee kwenye ngazi.

"Robo ni ya nani?" Mpekuzi aliuliza.

"Ya babu. Ya baba mdogo au baba mkubwa. Ya ndugu mliochangia mzazi mmoja. Si ya baba."

"Ndugu amesema hana."

"Basi kama hana ndugu," Darubini alishusha miwani machoni, "amebaki mzee mmoja. Huyo mzee akiwa ndiye aliyezaa na mkwewe, Mwalimu na mtoto ni ndugu wa baba mmoja. Hesabu inakubali."

"Usiseme."

"Sijasema mimi. Imesema robo."

*

Jumatano mchana alikwenda kwa miguu, na moyo wake ulikuwa mzito. Duka la Babu lilikuwa chumba kimoja kilichofunguka barabarani, kinanuka gundi na ngozi. Mzee alikaa kwenye kigoda, misumari midogo imepangwa midomoni, nyundo mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Misumari haikutikisika. Hakumtazama usoni, alimtazama miguu. "Unakanyagia upande wa nje, binti. Wa kushoto hasa. Uliwahi kuvunjika kifundo."

"Nikiwa na miaka kumi na mmoja."

"Kumi au kumi na mmoja, ndiyo."

Mpekuzi hakukumbuka lini mara ya mwisho alipekuliwa yeye. Alijitambulisha, akaeleza habari za Chiriku, akaeleza Ijumaa. Mzee aliitoa misumari mdomoni mmoja mmoja na kuiweka kwenye kifuniko cha kopo. Alipoombwa kuvua viatu alivua bila kuuliza. Madole gumba yake yalikuwa marefu, yamenyooka, ya mtu ambaye angeweza kutembea mpaka mji wa pili na kurudi.

Mpekuzi alihema. Mtu mwenye ugonjwa ule angezaliwa na alama. Kama baba wa mtoto ndiye aliyempa ugonjwa, basi hakuwa mzee huyu. Lakini kama si yeye, ni nani?

"Watu wa nyumbani kwako unawashonea mwenyewe?"

"Tangu wanapoanza kusimama. Kila mwaka nachonga kalibu mpya, miguu ya mbao, pima ya mtu na mtu wake. Fundi mvivu huchonga moja, akaibandika ngozi kila mguu unapokua. Mimi siwezi. Mguu wa mtu ni mguu wake."

"Ziko wapi?"

Mzee aligeukia pazia la magunia nyuma yake. "Stoo. Humo mna vumbi."

"Mimi na vumbi tunajuana."

Stoo ilitengwa na duka kwa lile pazia tu, akalifunua akaingia. Ndani mwanga ulikuwa hafifu. Miguu ya mbao ilining'inia darini kwa kamba, jozi kwa jozi, zaidi ya sitini, vidole vimeelekea chini. Alipopita, upepo wa pazia uliitikisa ikagongana taratibu, kulia kwa kushoto, kulia kwa kushoto, na kwa muda mfupi stoo nzima ilisikika kama imejaa watu wanaotembea wasiotaka kusikika.  Alijiambia kuwa ni mbao, na akaanza kazi.

Zilipangwa kwa mtu na kwa umri, mwaka umechongwa kwenye kila kisigino. Safu moja ilikuwa ya Mwalimu, kuanzia kimguu cha mtoto hadi cha mtu mzima, madole yamenyooka. Safu ya pili ilianza miaka michache kabla ya hiyo. Aligusa ya kwanza, ndogo kama embe, akapapasa mbele. Dole gumba fupi, limepinda kuelekea wenzake. Ya pili vilevile. Ya tatu. Alizipapasa zote thelathini, na mguu ule ulikua mikononi mwake kutoka mtoto hadi mwanamume, na kwenye kila jozi dole lilikuwa lilelile la Chiriku.

Jozi nne za mwisho zilikuwa na ukubwa mmoja, lakini nyayo zake zilichongwa bapa kabisa, bila mkunjo wa kutembelea. Ni viatu vya mtu asiyepiga hatua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama. Kwenye kona, sakafuni, palikuwa na ubao mpana umegongomewa, na juu ya ubao mabonyeo mawili yaliyokaa sambamba, mapana mbele na membamba nyuma. Ukutani, usawa wa mabega, rangi ilikuwa imelika na kung'aa. Juu yake kulikuwa na duara la mafuta ya nywele, na pembeni kulabu mbili za mkanda.

Alisimama juu ya ubao, akaweka miguu yake kwenye yale mabonyeo, akaegemeza mgongo ukutani. Mbele ya macho yake, kwenye pazia la magunia, kulikuwa na tundu lililoshonewa ukingo kwa uzi wa viatu. Alichungulia. Aliona kigoda, meza ya fundi, na barabara yenye watu. Alimwona Babu. Mzee alikuwa ameinua uso na anatazama moja kwa moja ndani ya tundu, bila kutafuta, kama mtu aliyelitazama mara elfu.

"Alikuwa anasimama hapo hapo," alisema Babu.

*

Alikuwa mwana wa kwanza wa Babu. Alizaliwa mzima, ila kwa madole. Akiwa na miaka minane alianguka kutoka kwenye ukuta wa shule, mgongo ukavimba, na uvimbe uliposhuka uliacha mfupa. Kila alipojigonga, alipotea kidogo. Fundi wa viungo alijaribu kumnyoosha mkono kwa nguvu, na mkono ukakaa vilevile ulivyonyooshwa. Lakini miguu ilidumu, na moyo ulidumu, akachumbia binti wa jirani aliyependa vichekesho vyake.

"Msimu ule binti aliposhika mimba, ndio msimu nyonga zilipofunga," alisema Babu. "Aliona inakuja. Akaniambia, Baba, nikikauka nimekaa nitakuwa kiti, watu wataniwekea nguo. Nikauke nimesimama. Nikampa mkanda na ubao. Miaka minne. Wateja waliomwona pazia likifunuliwa walidhani ni sanamu nimeweka la kuvalisha, mpaka siku alipomcheka mmoja aliyekuwa ananipunja."

"Na binti?"

"Alimwita mdogo wake. Akamwambia, muoe wewe, na mtoto awe wako, asije akajua kwamba baba yake ni gogo. Wakaapa. Mtaa ukaambiwa mimba ni ya huyu. Chiriku akaletwa hapa akisalimia, baba mkubwa, baba mkubwa. Yeye anajibu kwa kidole, tap, tap, maana taya lilikuwa limefunga. Tuling'oa meno mawili ya mbele ili mrija wa uji upite." Aliokota msumari mmoja, akaurudisha kwenye kifuniko. "Amekufa mtoto ana miaka mitatu. Huyu Mwalimu hajawahi kumwita 'mtoto wa kaka' hata kwa kuteleza ulimi. Mimi ni baba yake, namwonea fahari, na ninamwogopea."

"Mzee, mficha maradhi kifo humuumbua. Ijumaa wanamkata."

Babu aliinuka, akafungua kopo la gundi lililokuwa tupu, akatoa kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake kulikuwa na meno mawili, meupe, ya kijana.

"Chukua. Na damu yangu chukua. Nimekupa meno, sijakupa maneno. Siri ni ya Mwalimu. Ukiisema wewe utakuwa umemwibia."

Sheria ya hospitali ilisema hivyohivyo, kwa maneno mengi zaidi.

*

Zile herufi mia moja na kumi na mbili Darubini alikuwa amezihoji kama mashahidi, mmoja mmoja: huyu jeni yake inahusika na jicho, huyu na ini, huyu na nywele. Walioshika kazi ya mifupa walikuwa watatu tu. Alhamisi adhuhuri damu ya Babu iliwatoa wawili. Mzee alikuwa nao mwilini, na mzee alikuwa na umri wa miaka themanini na anachuchumaa. Akabaki mmoja.

"Huyu hapa," alisema Darubini, na safari hii aliinua macho. "Herufi moja. Inakaa kwenye jeni inayouambia mfupa anza na acha. Kwa huyu mtoto neno 'acha' halisikiki. Mama hana, Mwalimu hana, Babu hana. Jino linalo. Na mwenye jino na mtoto wanachangia nusu kamili."

"Kosa limeanzia kwa mwenye jino, basi. Akampa mtoto."

"Limeanzia kwake. Nimesoma mara mbili, kabla hujaniuliza chupa."

Mpekuzi alimwita Mwalimu na mkewe, akaliweka mezani jino lililobaki. Mke alishika mdomo. Mwalimu hakushangaa. Alichoka tu, ghafla, mpaka kwenye kola.

"Niruhusu nimwambie daktari wa upasuaji," alisema Mpekuzi.

"Hapana."

"Atamkata."

"Amkate!" Mwalimu aligonga meza. "Kaka hakukatwa. Walimkanda, walimvuta, walimpa mafuta, hakuna aliyethubutu kumkata mapema, na mmeona mwisho wake. Mimi nimemleta huyu mapema. Uvimbe utoke, yaishe. Na asijue kitu."

Kumbe ndicho kilichomfunga mdomo. Mpekuzi alimwonea huruma kuliko alivyotaka. Aliuliza polepole: "Taya la kaka yako lilifungaje?"

"Ugonjwa."

"Ugonjwa ulikuwapo miaka ishirini, na taya lilikuwa linacheka. Wiki ile lilipofunga, kabla yake kulitokea nini?"

"Jino lilimuuma. Nilimpeleka mimi kwa daktari wa meno. Akamdunga sindano ya ganzi hapa nyuma ya..." Mkono wake ulisimama kwenye taya lake mwenyewe.  Alisimama akatoka, na safari hii hata mlango usiofunga aliuvuta nyuma yake.

Mke alibaki. "Nikisema mimi, nitakuwa nimemvua ubaba mbele za watu," alisema. "Mtu aliyenisitiri. Aseme mwenyewe. Nitamsubiri mpaka mlangoni, Daktari. Asiposema mlangoni, nitasema."

*

Ijumaa, saa mbili kasoro dakika tano. Chiriku alilala chali kwenye kitanda cha magurudumu mbele ya chumba cha upasuaji, hajala tangu jana jioni, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe alikuwa kimya. Kisu alisoma karatasi ya Mpekuzi akiwa amesimama, kofia kichwani.

"Herufi naiona," alisema. "Herufi peke yake hainiambii kitu. Kila mtu ana herufi zake. Unasema inapatikana kwenye jino la mtu aliyegeuka mfupa. Mtu gani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hujui?"

"Najua. Si langu kulisema."

Kisu alimrudishia karatasi, si kwa ubaya. "Dada, mimi nina uvimbe, wewe una kitendawili. Nesi, tuingie."

Magurudumu yalianza kuzunguka. Mama wa mtoto alivuta pumzi na kufungua mdomo. Mwalimu alimwahi.

"Jino ni la baba yake."

Nesi alisimamisha kitanda. Kisu alimtazama Mwalimu, na bila kukusudia akatazama meno yake. Yalikuwa kamili.

"Baba yake si wewe?"

"Mimi ni baba yake mdogo." Aliisema kwa sauti ya darasani, kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na korido nzima ilisikia. "Aliyemzaa ni kaka yangu. Aligeuka mfupa, miaka minne amesimama kwenye kona. Mimi ndiye niliyempeleka akadungwa sindano moja, moja tu, na taya halikufunguka tena mpaka tunamzika. Nilidhani ni ugonjwa. Ilikuwa ni sindano. Ukimkata huyu utamfungia ndani. Nakuomba, Daktari. Niandikie nisaini popote, kwamba si wangu, lakini usimkate."

Kisu alivua kofia. Akafunua shuka upande wa miguuni, akayatazama yale madole gumba mawili.

"Mrudisheni wodini," alisema hatimaye. "Asiguswe na sindano ya msuli, asikandwe, na asianguke. Mpekuzi, utaniandikia hayo nibandike ukutani." Akaingia ndani peke yake.

 Mpekuzi alijua kilichobaki kusemwa, kwamba dawa ya kulirudisha lile neno 'acha' yeye hakuwa nayo, na kwamba leo wameokoa bega tu. Aliamua lisubiri.

"Baba?"

Sauti ilitoka kitandani. Chiriku alikuwa anatazama dari. Alikuwa hatua mbili tu kutoka pale maneno yaliposemwa, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Mwalimu alisimama mikono imelegea, kama mtu anayesubiri kuambiwa kama aondoke. Mkewe aliinamisha uso. 

"We Baba, si nakuita!"

"Naam, mama," alisema Mwalimu. Alizunguka kitanda mpaka akafika mahali ambapo macho yake yangemwona bila shingo kugeuka, na akainama.

Chiriku alimkagua uso mzima, polepole, kuanzia juu mpaka chini.

"Nina njaa," alisema. "Halafu uniambie habari za huyo mwingine."